Rungu la Kumi na Mbili

Picha ya kwanza ilitoka safi, na hapo ndipo Fundi alipokosa raha.

Angeambiwa kwamba mfupa umevunjika, angejua la kufanya: angekaa kwenye benchi la korido, angesubiri plasta, angelalamikia foleni kama watu wengine. Lakini tabibu aliinua ile picha ya eksirei ya mkono kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda ule ambao mpita njia huutumia kusoma bango, akasema, "Mifupa yote ipo mahali pake. Ni msuli tu. Apumzike wiki moja." Kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Bintiye Fundi alikuwa na miaka kumi na mitano, na timu nzima ya besiboli ya wasichana ilimwita Nyundo kwa namna alivyoupiga mpira. Walipofika nje ya lango la hospitali aliikamata chupa ya maji kwa mkono wa kushoto ili aifungue kwa wa kulia. Chupa ikamponyoka. Akaiokota, akajaribu tena, kisha akamkabidhi baba yake.

"Nifungulie, baba."

Nyundo hakuwa mtu wa kufunguliwa vitu. Fundi alifungua chupa, akairudisha, na njia nzima ya kurudi nyumbani akatembea hatua tatu mbele ya mwanawe, kana kwamba nyumbani kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kazi yake ilikuwa kukereza mbao. Alitengeneza miguu ya meza, nguzo za ngazi, mipini ya patasi, na kwa miaka mitatu sasa marungu ya kupigia mpira ya timu ya bintiye, kwa kuwa ya dukani yalikuja kwa kubahatisha na ya Fundi yalikuja kwa wakati. Kila rungu alilichoma alama yake kwenye kitako, yaani kile kifuniko cha mviringo kilicho mwishoni mwa mpini, kinachozuia mikono isiteleze: duara dogo, ndani yake patasi mbili zilizopishana. Alisema alama hiyo ni ya kuzuia wizi. Hakuna aliyewahi kuiba rungu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mkewe, mkutubi wa shule, alianza na simu.

"Mnazishika simu hizo usiku na mchana. Mkono utaacha kuuma?"

"Mama, simu naishika kwa mkono wa kulia."

"Basi huo wa kushoto unaona wivu."

Kocha, mwalimu wa kemia aliyefundisha besiboli baada ya vipindi, alileta kopo la dawa ya kuchua yenye harufu ya kufukuza mbu, akasema ni kuteguka kidogo tu. Alikwisha kuona mengi. Mrushaji wake mmoja, alisema, alicheza msimu mzima na kidole kilichopinda, na leo hii ni mhasibu. Fundi hakuuona uhusiano, lakini alichua. Alichua siku nne mfululizo, asubuhi na jioni, na kila alipofika kwenye ule mnofu ulio chini ya kidole kidogo, msichana alivuta pumzi kupitia meno na kusema hauumi.

Siku ya tano mkutubi alimkuta bintiye akisoma kwa kukiegemeza kitabu kwenye sufuria. Aliufunga mjadala wa simu papo hapo.

"Mkono umeanza kuuma kabla ya ile picha, wiki tatu sasa. Huo si msuli," alimwambia mumewe. "Kuna mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitali, jengo la nyuma. Mpeleke kesho. Usipompeleka wewe nampeleka mimi, nawe utabaki hapa kuyajibu maswali yako mwenyewe."

Fundi alimpeleka.

Chumba cha mtaalamu kilikuwa na mipira ya kuminya, ngazi ya mbao iliyobandikwa ukutani, na mchoro wa mifupa ya mkono uliobanduka kona moja. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mama mfupi, mwenye vidole vigumu kama vibanio vya seremala. Hakuitaka ile picha.

"Unaumia wapi? Usinieleze, nionyeshe. Kwa kidole kimoja."

Nyundo alionyesha. Mtaalamu aliweka dole gumba papo hapo na kuminya, na msichana akanyanyuka kitini kabla hajajua kwamba amenyanyuka.

"Unapopiga mpira, mkono upi unakaa chini, mwishoni mwa rungu?"

"Wa kushoto."

"Wewe ni wa tatu kutoka timu ya besiboli tangu muhula uanze. Wa kwanza, mkono wa kushoto. Wa pili, wa kulia. Huyo wa kulia amenisumbua kichwa, maana nilidhani nimekwisha kuelewa."

"Huyo ni Kijiko," Nyundo alisema. "Yeye hupiga kwa upande wa kushoto. Mkono wake wa kulia ndio unaokaa chini."

"Mimi sijataja jina la mtu."

"Hakuna mwingine anayepiga hivyo, mama."

Mtaalamu aliuachia mkono wake. "Basi mwambie huyo ambaye sijamtaja kwamba nilimpa barua ya kupigwa picha na hakurudi." Kisha akamgeukia Fundi. "Baba, nataka kuliona hilo rungu. Kesho au keshokutwa."

Fundi alirudi nalo baada ya nusu saa, shati limemganda mgongoni. Mtaalamu alimwamuru alishike kama anayetaka kupiga. Akashika. Mtaalamu akauvuta mkono wake wa kushoto chini zaidi, hadi mwisho kabisa, kama Kocha alivyowafundisha wasichana ili wapate urefu. Halafu akaupindua mkono ule na kumwonyesha. Ukingo wa kitako ulikuwa umekaa juu ya mnofu ulio chini ya kidole kidogo, mahali hasa ambapo bintiye alikuwa ameweka kidole. Ulikuwa umeacha mchirizi mwekundu.

"Hapo ndani pana kijimfupa kilichopinda kama ndoano," mtaalamu alisema. "Kila pigo, kitako hiki kinakigonga. Mtoto anapiga mara ngapi kwa wiki? Mia tatu? Mia nne? Picha ya kawaida haikioni, kinajificha nyuma ya wenzake." Aliligeuza rungu, akapitisha kidole kwenye ukingo ule mnene. "Nani ametengeneza kitu hiki?"

"Fundi mmoja," Fundi alisema.

Nyundo alimtazama baba yake. Kisha aliutazama ule mchoro ukutani, kana kwamba mifupa ilikuwa na adabu zaidi.

Picha ya pili ilipigwa mkono ukiwa umekunjwa kwenda nyuma, mwanga ukipita kwenye kiganja kwa urefu. Ufa ulionekana, mwembamba, kwenye shina la ndoano. Nyundo alifungwa plasta ya wiki sita, na wakaambiwa kwamba mfupa usipounga, kipande kitatolewa kwa upasuaji. Jumamosi ya wiki hiyohiyo wateuzi wa timu ya mkoa walikuwa wakija kuitazama timu ikicheza. Nyundo hangecheza. Wenzake wangecheza, na wote wangeshika vitako vya namna ileile.

Hesabu hiyo Fundi aliifanya akiwa amesimama karakanani, mashine imezimwa, mbele ya mbao mbili nyembamba zilizoning'inia msumarini. Zilikuwa vielelezo vyake: moja ya kitako cha zamani, moja ya kipya. Alizilaza moja juu ya nyingine. Tofauti ilikuwa unene wa kidole, na ukingo wa kipya ulitoka nje kwa ukali kama kingo za sahani.

Alikumbuka siku alipoubuni. Msimu uliopita rungu lilimponyoka mpigaji, likaruka juu ya benchi na kuivunja chupa ya chai ya Kocha. Kocha aliomboleza chupa ile kwa wiki mbili. "Fundi, ongeza kitako, mikono isiteleze," alisema, na Fundi akaongeza. Hakuongeza tu, alifikiri. Alikaa nalo siku tatu, akakereza, akapima, akaunoa ukingo ili vidole viukamate hata vikiwa na jasho. Tangu siku hiyo hakuna rungu lililoruka. Alikuwa amejivunia jambo hilo, kimyakimya, kama mtu anavyojivunia jino la dhahabu.

Bila shaka ni Kocha aliyewafundisha kushika mwisho kabisa. Fundi alilishikilia wazo hilo kwa muda mrefu. Lilikuwa wazo la kweli, na halikumsaidia.

Akampigia simu Kocha. Alitaka marungu yote, alisema, ayapake vanishi kabla ya Jumamosi.

"Vanishi? Wiki ya mchujo? Fundi, unataka tucheze au tuolewe?"

"Yaonekane vizuri mbele ya wageni."

"Hao wageni wanakuja kutazama watoto, si samani."

Hata hivyo aliyaleta Alhamisi, ndani ya gunia. Yalikuwa kumi na moja. La kumi na mbili, alisema, liko kwa Kijiko, na Kijiko hulala nalo. "Bibi yake anasema imebaki kulinunulia mto tu."

Ijumaa mchana Fundi aliwasha mashine. Alilifunga rungu la kwanza, akaegemeza patasi, na ukingo ule aliousumbukia siku tatu ukaondoka kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Maranda yaliruka kifuani. Alikereza hadi kitako kikawa kidogo, cha mviringo, kimeungana na mpini kwa mteremko ambao kiganja kingepita bila kukwama. Akalifungua, akalifunga la pili. Alama yake iliondoka pamoja na mbao. Hakuichoma upya.

Nyundo aliingia akiwa na plasta yake, akakaa juu ya rundo la vipande.

"Unavipunguza."

"Vinahitaji sura."

"Sura," Nyundo alirudia. Aliokota mduara mwembamba wa mbao uliodondoka, akaupitisha kwenye dole gumba la mkono mzima, akauzungusha. "Kocha amesema vanishi."

"Na vanishi pia."

"Na la Kijiko?"

"Nitamfuata."

"Utamwambiaje?"

Mashine ilikuwa ikizunguka, na Fundi akaamua kwamba hakusikia. Nyundo alisubiri rungu lile liishe na lile lililofuata. Kisha akauweka ule mduara juu ya meza, karibu na mkono wa baba yake, na kutoka.

Alimfuata Kijiko mara mbili siku hiyo. Mara ya kwanza alimkuta bibi peke yake, akichambua mchele, akamwambia mtoto yuko uwanjani anafanya mazoezi. Uwanjani hakuwapo mtu. Mara ya pili bibi alisema amekuja na kuondoka.

"Ujumbe wako nimempa, baba. Nimemwambia Fundi anataka rungu alipake vanishi. Amesema halihitaji."

"Mkono wake unaendeleaje, mama?"

"Anasema umepona. Usiku anaulalia chini ya shavu, lakini anasema umepona." Bibi aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Kwani kuna neno?"

Kulikuwa na neno, na mlango ulikuwa wazi, na kikongwe wa watu alikuwa ameuliza swali lililonyooka. Fundi alisema hapana, alipita tu. Hata kabla hajafika njia panda alikwisha kugeuka mara mbili kutaka kurudi, na mara zote mbili miguu yake ilipata sababu ya kuendelea mbele.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Wateuzi watatu walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, kila mmoja na ubao wake wa kuandikia, wakitazama watoto kwa uso wa watu waliokwisha kuamua. Marungu kumi na moja yaling'aa yakiwa yameegemezwa kwenye benchi. Wasichana waliyashika, wakasema yamekuwa mepesi, wakauliza kidogo na kusahau. Nyundo alipewa karatasi ya matokeo, kwa kuwa mkono wake wa kuandikia ulikuwa mzima. Hakumtazama baba yake.

Kijiko alikuja wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye kichwa kikubwa kuliko mabega, na jina lake halikuhitaji maelezo. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeviringishwa bandeji ya kuvutika. Rungu lilikuwa begani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Lete hilo nilitazame mara moja."

"Baada ya mechi."

"Limepata ufa," Fundi alisema. Ulikuwa uongo wake wa tatu au wa nne. Alikwisha kupoteza hesabu.

Kijiko aligonga kichwa cha rungu kwenye jiwe la ukingo wa uwanja. Lililia sauti moja, safi, ya mbao iliyokauka vizuri. Akalitegea sikio kwa umakini wa daktari.

"Halina ufa, Fundi. Litapataje ufa? Si umelitengeneza wewe?"

Alisema hivyo bila kejeli yoyote, akaenda kwa wenzake. Fundi alibaki na sifa yake mkononi, asijue pa kuiweka.

Alijaribu kukaa. Alikaa karibu na mkewe, akasimama, akaenda nyuma ya turubai, akarudi. Mkutubi alimvuta shati.

"Una siafu?"

"Kijiko anacheza na lile ambalo sikulipunguza."

"Lina nini hilo?"

Hakuwa amemwambia hata yeye. Alifungua kinywa, na wakati huohuo Kijiko aliitwa kupiga.

Mrushaji alirusha. Kijiko alizungusha rungu kwa mwili mzima, akaukosa mpira, na Fundi akauona uso wake ukikunjamana na kukunjuka kwa kasi ambayo hakuna mteuzi angeigundua. Msichana alilegeza vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akavifunga tena. Aliusogeza mkono hadi mwisho kabisa, kama alivyofundishwa, kitako kikaingia kiganjani mahali pake. Kule benchi Nyundo alikuwa ameacha kuandika.

Fundi aliingia uwanjani.

Hakukimbia. Alitembea kutoka pembeni hadi katikati, na kwa kuwa hakuna aliyetarajia mzee mwenye maranda kwenye nywele kukatiza mchezo, alifika mbali kabla mwamuzi hajapuliza filimbi.

"Mzee! Toka nje! Unapita kwenda wapi?"

"Sipiti. Simamisha mchezo."

"Kwa mamlaka gani?"

"Rungu hilo linavunja mikono," Fundi alisema. Ilibidi apandishe sauti, kwa maana nusu ya watu walikuwa wakimzomea. "Kitako chake ni kinene na ukingo wake mkali. Mfupa wa mwanangu umepasuka kwa sababu hiyo, yule pale ana plasta. Nimelitengeneza mimi. Haya mengine nilikuwa nimeyatengeneza hivyohivyo, jana nikayapunguza nikasema ni vanishi. Si vanishi. Niliogopa kusema."

Pakatulia. Kisha mama mmoja wa upande wa wapinzani akauliza, kwa wasiwasi wa dhati, "Fundi, na ngazi yangu je? Si wewe uliyeitengeneza?"

Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa akiifikiria ngazi ile.

Kocha alifika akihema. Alilichukua rungu mkononi mwa Kijiko, akakitazama kitako, akalishika kama anayepiga, mwisho kabisa.

"Umenidanganya kwa vanishi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku tatu nzima."

"Ndiyo."

Kocha alishusha rungu. "Na mimi ndiye niliyewaambia washike hapa," alisema, kwa sauti ambayo haikuvuka masikio ya watu watatu. Kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa maneno mazito.

"Mimi siumwi," Kijiko alisema. Machozi yalikuwa tayari, ya hasira. "Mwamuzi, siumwi. Nimebakiza mipira miwili. Wale wananitazama."

"Nipe mkono wako," Fundi alisema.

"Siumwi!"

"Basi haitakuwa neno nikiushika."

Aliupokea mkono, akaufungua kiganja kiangalie juu, akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Aliminya taratibu, nusu ya nguvu ya mtaalamu. Kijiko hakulia. Mkono wake wa pili ulimkamata Fundi shati kama mtu anayetafuta pa kujishikilia.

"Umetoka," mwamuzi alisema, ingawa alionekana kutojua ni kwa kanuni ipi. Alifungua kitabu chake kidogo akakipekua. Hapakuwa na kifungu juu ya mpigaji aliyeondolewa na seremala. Mmoja wa wateuzi aliandika kitu. Wenzake wawili wakachungulia ubao wake.

Mtaalamu alikuwa kazini hadi saa saba mchana siku za Jumamosi, na ilikuwa saa sita na robo. Fundi alilikwapua rungu la kumi na mbili, akamshika Kijiko begani, akaelekea langoni. Mkewe alikwisha kusimama: yeye angekwenda kumwambia bibi. Nyuma yao filimbi ililia na mchezo ukaendelea.

Walikuwa wamefika kwenye ukuta wa shule aliposikia hatua. Nyundo alikuja mbio, plasta ameikumbatia kifuani.

"Karatasi ya matokeo umemwachia nani?"

"Kocha."

"Rudi ukaangalie mechi. Wenzako wanacheza."

"Mtaalamu atauliza tena nani alilitengeneza."

"Nitamjibu."

"Ndiyo maana nakuja," Nyundo alisema.

Fundi alihamishia rungu kwapa la pili, akaendelea na safari, na mwendo wake ulikuwa wa kasi hivi kwamba kila kona wasichana wale wawili, mmoja na plasta na mwingine akiwa bado hajafungwa, walilazimika kumwita apunguze. Alipunguza kila alipoitwa. Baada ya hatua kumi alikuwa mbele tena.